Betri Inabaki na Mwenyewe

Katika mwaka wangu wa pili hapa kitivoni nilipata alama 16 juu ya 20 kwa kazi niliyoandika kuhusu kijitabu cha maelekezo. Kilikuwa kijitabu cha karatasi nyepesi, maandishi madogo madogo, kilichokuja ndani ya sanduku la mashine ya kutoboa mbao isiyo na waya. Nilihesabu lugha zake zikapita ishirini. Nilionyesha jinsi Kifaransa kinavyokataza kwa kitenzi kisicho na nafsi, na jinsi Kiingereza kinavyotumia amri ya moja kwa moja. Nilichora jedwali lenye mifano kumi na miwili ya ukanushi. Mwalimu aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu kwamba kazi ni safi, nami nilifurahi.

Kijitabu hicho hakikuwa changu. Kilikuwa cha karakana ya Noko, na siku kilipohitajika kule, kilikuwa mjini ndani ya mfuko wangu wa vitabu. Naeleza jambo hili katika jarida letu kwa sababu naona linatugusa sisi watu wa lugha kuliko linavyowagusa mafundi.

Noko ndivyo tunavyomwita ndugu wa kiume wa mama hapa Kisangani, hata tunapozungumza Kiswahili. Lingala ilituazima neno hilo na hatujalirudisha. Karakana yake iko Bangboka, kando ya barabara ya Ituri, si mbali na uwanja wa ndege. Ndege ikitua, mabati ya paa yanatetemeka na watu wanasimamisha mazungumzo mpaka ipite. Kutoka mjini ni mbali kwa baiskeli ya toleka, kwa hiyo mimi hupanda pikipiki siku za Jumamosi, naenda kumwandikia Noko hesabu zake. Wanatengeneza milango, madirisha na madawati, mara nyingi kwa lifaki, na mteja akiwa na fedha, kwa afromosia. Atakayetaka kujua afromosia ni mti gani, ajaribu kuutoboa.

Zamani walitoboa kwa mkono, au kwa mashine ya waya jenereta ikiwa imewashwa. Kisha ndugu yetu anayeishi Ubelgiji akatuma mashine isiyo na waya, pamoja na betri mbili na chaja. Kamusi inaita chombo hiki keekee. Sijawahi kusikia neno hilo likitamkwa karakanani. Kule ni mashine ya kutoboa, basi, na hii mpya wanaiita «ile ya batri».

Siku sanduku lilipofunguliwa, Noko alinipa kijitabu. «Wewe ndiwe mtu wa lugha,» aliniambia. «Soma, utuambie.» Nikasoma ukurasa wa Kifaransa nikiwa nimesimama, nikaona makatazo mengi ya aina ile ile: usifanye hivi, usiache vile. Nikamwambia ni mambo ya kawaida. Kisha nikamwomba nikichukue, maana nilikuwa natafuta matini kwa ajili ya seminari. Akakubali.

Matumizi ya betri, Noko aliyajua mwenyewe. Katika ujana wake alifanya kazi kwenye kampuni moja ya mbao, na huko alifundishwa sheria ambayo sasa alimfundisha mwanawe: «Batri unaikamua yote mpaka ife kabisa. Kisha unaipa moto usiku mzima. Ukiilisha nusu, itazoea nusu.» Mwanawe huyo kwetu ni mdogo wangu tu, bila kuongeza neno lingine. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na saba, na alikuwa mwanafunzi mtiifu. Mashine ilipoanza kuzunguka kwa kukokota ndani ya afromosia, aliendelea kubonyeza mpaka isimame. Jioni jenereta ilipowashwa, aliitoa betri ikiwa bado na joto la kazi, akaichomeka kwenye chaja juu ya meza ya kufanyia kazi, katikati ya maranda, akaenda zake.

Ilikwenda hivyo kwa miezi, na hakuna kilichotokea. Hilo ndilo linalofanya makosa ya namna hii yawe magumu kuyaona: yanavumilia.

Kisha kazi zikapungua kwa majuma kadhaa, na betri zikakaa kwenye sanduku la misumari zikiwa tupu kabisa. Kazi iliporudi, moja ilikubali chaja. Nyingine ilikataa: taa iliwaka nyekundu na kijani kwa kupokezana, haikuacha. Kijana mmoja wa jirani anayetengeneza simu akamwonyesha mdogo wangu namna ya «kuiamsha»: unachukua nyaya mbili, unaunganisha betri nzima na betri iliyokufa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, unasubiri kidogo. Alifanya hivyo. Betri ikapata nguvu kidogo, chaja ikaikubali. Taa ikatulia. Ilikuwa jioni, jenereta inanguruma nje, naye alikuwa amechoka. Akajilaza juu ya mbao, hatua tatu kutoka kwenye meza.

Noko anasema kwanza alisikia harufu, tamu na kali, kama ile ya dawa ya kufutia rangi ya kucha. Alidhani ni vanishi. Kisha mlio, kama bati linalopasuliwa, halafu mwingine, na mwingine. Alipofika mlangoni, meza ilikuwa inawaka na chumba kimejaa moshi mweupe. Mdogo wangu alikuwa ameamka, na badala ya kukimbia alikuwa ameikamata ile betri kwa mkono wa kushoto ili aitupe nje. Aliitupa kweli. Ndiyo maana karakana ingali imesimama. Iliungua meza, ziliungua fremu sita za milango zilizokuwa tayari kupelekwa, na uliungua mkono wake, kiganja chote na vidole viwili ambavyo hadi leo havikunjiki hadi mwisho.

Nilifika kesho yake asubuhi kwenye kituo cha afya. Mfuko wangu wa vitabu ulikuwa begani, kwa kuwa nilitoka moja kwa moja kitivoni. Tulizungumza juu ya maumivu, juu ya dawa, juu ya Noko ambaye hakuwa amelala. Kisha akaniuliza, bila hasira yoyote, kama mtu anayetaka tu kujua:

«Yaya, kile kitabu kilisema nini juu ya ile taa?»

Nilikifungua mbele yake. Sikuwa na haja ya kutafuta, maana niliujua ukurasa. Taa nyekundu na kijani kwa kupokezana: betri ina hitilafu, usiichaji. Sentensi hiyo ilikuwa mfano wangu wa saba katika jedwali la ukanushi.

Sikuwa na la kumjibu ila kuisoma.

Baada ya siku hiyo nilianza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza mapema. Rafiki yangu wa kitivo cha sayansi alinisaidia kwa subira. Jambo la kwanza alilonieleza ni kwamba sheria ya Noko haikuwa upumbavu. Ilikuwa kweli, ila kwa betri nyingine.

Mashine za kutoboa zisizo na waya zilianza kuuzwa mwaka 1961, na kwa miongo mingi zilitumia betri za nikeli na kadimiamu. Betri hizo zilivumilia kukaushwa kabisa na kukaa tupu. Tena, zikichajiwa mara kwa mara kabla hazijaisha, ziliweza kupoteza sehemu ya uwezo wake, kana kwamba zinakumbuka kiasi kile kidogo zilichozoea kutoa. Mafundi waliita hali hiyo kumbukumbu ya betri, na dawa yake ilikuwa ile ile ya Noko: ikamue yote, kisha uilishe upya. «Ukiilisha nusu, itazoea nusu» ni maelezo mazuri ya jambo la kisayansi, na yalisemwa na mtu ambaye hakuwahi kuingia maabara.

Lakini betri iliyokuja kutoka Ubelgiji ni ya lithiamu. Aina hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, ikaingia kwenye zana za mafundi katikati ya miaka ya 2000, na waliochangia kuibuni, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Betri hii haina kumbukumbu. Unaweza kuichaji ikiwa nusu, robo au robo tatu, nayo haijali. Inachochukia ni kukaushwa. Betri ya Noko ni ya volti 18: ndani yake mna seli zilizopangwa katika makundi matano, kila kundi likiwa na volti 3.6 za kawaida. Seli ikishuka mno na kukaa hivyo, shaba iliyomo ndani yake huanza kuyeyuka katika majimaji ya seli. Ukija kuichaji tena, shaba hiyo inajipanga mahali pasipo pake na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kamwe kukutana. Hiyo ni shoti ndani ya seli, mahali ambapo huwezi kuiona. Kwa hiyo chaja ilipokataa, haikuwa imeharibika. Ilikuwa inafanya kazi yake. Na ile «kuamsha» kwa nyaya mbili ilikuwa kumzunguka mlinzi aliyesimama mlangoni.

Neno lilibaki lile lile, betri, na kitu kikabadilika chini yake. Tunajifunza jambo hili katika somo la semantiki, kwa mifano ya kalamu, ambayo zamani ilikuwa utete wa kuchovya kwenye wino. Sikujua kwamba mfano mwingine ulikuwa juu ya meza ya mjomba wangu.

Kuna jambo moja zaidi linalonirudia. Betri nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini mwetu, pande za Kolwezi na Likasi. Inawezekana kabisa kwamba punje za madini hayo zilisafiri kutoka Kongo, zikazunguka dunia, zikarudi Bangboka ndani ya sanduku pamoja na kijitabu chenye lugha zaidi ya ishirini, na kati ya hizo hamna Kiswahili wala Lingala. Ningeweza kuishia hapo, nikalaumu walio mbali. Kila tarehe 7 Julai tunasema maneno makubwa kuhusu Kiswahili, na lawama hiyo ingepigiwa makofi. Lakini kijitabu hakikukosa mtafsiri. Mtafsiri alikuwepo, alikipewa mkononi, akasema ni mambo ya kawaida.

Mkono ulipoanza kupona, nilimwomba Noko ruhusa ya kuandika maelekezo kwa Kiswahili na kuyabandika ukutani. Alikubali kwa shingo upande. Nikaandika ukurasa mzima, nikausoma mbele yao. Nilikuwa nimeandika: «Usiache betri ikichaji bila uangalizi. Epuka kuchaji katika halijoto ya mazingira inayozidi nyuzi 40.» Kilikuwa Kiswahili sanifu, na hakuna aliyekisikia. Mafundi waliitikia kwa heshima, kama watu wanaosikiliza tangazo la serikali. Mdogo wangu akauliza, «Yaya, nyuzi 40 nitazipimia wapi?» Nikarudi na karatasi yangu mjini.

Wiki chache baadaye nilimsindikiza mama mdogo aliyekuwa anasafiri kwenda Kinshasa. Kwenye meza ya mizigo, pale pale uwanja wa Bangboka, mbele yetu alisimama fundi mmoja mwenye mfuko mkubwa wa zana. Mkaguzi alimwambia aufungue na atoe betri mbili za mashine. Fundi alilalamika: mashine imo humo, kwa nini betri zisibaki humo? Yule mkaguzi hakumtajia kifungu chochote. Alisema:

«Batri haiingii mu tumbo ya ndege. Inabakia na mwenyewe, anaiona.»

Kisha akamwonyesha namna ya kufunika meno ya betri kwa skochi, kila moja peke yake, na kuzitia kwenye mfuko wa mkononi. Fundi akaelewa, hakuuliza tena.

Nilikwenda kusoma kanuni yenyewe. Tangu tarehe 1 Aprili 2016, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena kubebwa na ndege za abiria. Abiria anaruhusiwa kubeba betri za akiba, lakini awe nazo ndani alipokaa, meno yake yakiwa yamefunikwa, na zisizidi wati-saa 100 bila idhini ya kampuni ya ndege. Hesabu ni rahisi: zidisha volti kwa ampea-saa. Betri ya Noko ni volti 18 mara ampea-saa 5, yaani wati-saa 90, inapita. Na sababu ya kanuni ni ile aliyoisema mkaguzi kwa maneno machache: betri ikianza kutoa moshi kati ya watu, kuna atakayeona na kufanya kitu. Ikianza kutoa moshi tumboni mwa ndege, hakuna.

Nikatambua kwamba sentensi yangu, «bila uangalizi», ilikuwa inataka kusema hivyo hivyo na ilishindwa. Haikuwa na mtu ndani yake. Ya mkaguzi ilikuwa na mwenyewe na macho yake.

Jumamosi iliyofuata sikwenda na karatasi. Tulikaa watatu, Noko, mdogo wangu na mimi, juu ya meza mpya, na kwa kila katazo la kijitabu niliwaeleza maana yake na sababu yake, kisha nikawauliza: ninyi mngesemaje? Lilichukua mchana wote. Noko alibisha zaidi kwenye sheria yake ya zamani. «Mimi nimeshika mashine hujazaliwa,» alisema, na ni kweli. Sikumwambia kwamba amekosea. Nilimweleza kuhusu nikeli na kadimiamu, kwamba betri aliyofundishwa imeondoka na hii ni mgeni mwenye jina lile lile. Alinyamaza, akaiangalia ile iliyobaki, akasema: «Basi mgeni hulishwi kama mwenyeji.» Tangu hapo hakubisha tena juu ya hilo.

Alibisha juu ya muda. Kama mtu anapaswa kuiona betri inapochajiwa, nani atafanya kazi? Jibu walilipata wao. Jenereta, iliyokuwa ikiwashwa jioni, sasa inawashwa mchana wakati wa fufu. Wote wanakula kwenye kibaraza, betri nayo inakula hapo hapo juu ya saruji, kivulini, mbele ya macho yao. Kwa betri hii saa moja au zaidi kidogo inatosha. Chaja inachomekwa jenereta ikiwa imekwisha kutulia, na inachomolewa kabla haijazimwa, ili umeme wa kuyumbayumba usiifikie.

Joto nalo lilipata kipimo bila kipimajoto. Chini ya mabati ya Bangboka saa nane mchana, ndani ya karakana hapafai, kwa hiyo kuchaji ni kibarazani tu. Na betri inayotoka kwenye kazi ngumu inawekewa kiganja juu yake: mkono usipoweza kutulia hapo, betri inapumzika kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyesema tuandike «mkono». Sikumwuliza alifikiria nini.

Tuliandika kwa rangi nyeupe juu ya ubao wa afromosia uliosalia kwenye moto, upande mmoja bado mweusi. Yaliyoandikwa ni haya:

Betri ikianza kuchoka, iache. Usiikamue.

Ikiwa na joto, ipumzike. Mkono ushindwe kutulia, bado.

Inalishwa kwa chaja yake, juu ya saruji, mbali na maranda.

Inabaki na mwenyewe, anaiona. Ukitoka au ukilala, chomoa.

Isilale na misumari.

Iliyovimba, iliyolowa, iliyoanguka vibaya, inayonuka: hailishwi tena, inatoka nje.

Taa ikisema hapana, ni hapana.

Kazi ikisimama siku nyingi, iache nusu, mahali pakavu penye kivuli.

Kila mstari una sababu ambayo mafundi wanaijua, na wanaweza kumweleza mteja anayeuliza. Misumari ni chuma, na chuma kikigusa meno mawili ya betri kwa pamoja ni shoti. Nusu ni kwa sababu betri ya lithiamu ikikaa imejaa kabisa kwenye joto inazeeka haraka, na ikikaa tupu inaendelea kushuka polepole mpaka ifike kule pa shaba. Kila mwezi mdogo wangu anaiangalia, na anaandika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. Iliyoharibika haichimbwi, haitoboliwi, haitupwi kwenye moto wa takataka. Na juu ya moto wenyewe tulikubaliana bila kuandika: chomoa chaja ikiwa unaweza kuifikia, toka, usivute ule moshi kwa maana ni sumu, piga kelele, mwaga maji mengi ukiwa mbali kwa kuwa maji ndiyo yanayopoza, na usiamini kwamba umekwisha, kwani seli iliyo jirani inaweza kuwaka baada ya ya kwanza kuzima. Mchanga unafunika, haupozi. Na usiikamate kwa mkono. Hilo Noko alilisema mwenyewe, polepole, akiangalia pembeni.

Mstari wa saba ndio mfano wangu wa saba. Katika karatasi yangu ya kwanza nilikuwa nimeutafsiri hivi: «Mwanga mwekundu na wa kijani unaopokezana huashiria hitilafu ya betri.» Mdogo wangu aliusikiliza, akafikiri, akasema: «Taa ikisema hapana, ni hapana.» Nilitaka kumwambia kwamba ameacha rangi na ameacha neno hitilafu. Kisha nikakumbuka kwamba chaja ya kesho inaweza kuwa na rangi nyingine, na kwamba katika karakana ile hakuna asiyejua maana ya hapana. Nikaandika kama alivyosema.

Mwezi uliopita Noko alipokea mwanafunzi mpya, mtoto wa miaka kumi na mitano ambaye shule aliiacha mapema na kusoma kwake ni kwa kusuasua. Nilikuwa pale nikiandika hesabu. Mdogo wangu alimpeleka mbele ya ubao, akaanza kumsomea mstari kwa mstari, akionyesha kwa mkono ule ule wa kushoto. Mtoto aliuangalia mkono kuliko ubao. Ndege ilikuwa inatua, wakasubiri ipite. Kisha nikamsikia anamwuliza:

«Taa ikisema hapana?»

«Ni hapana.»

«Na wewe ukisikia usingizi?»

«Naichomoa, Yaya.»

Kazi yangu ya seminari bado ninayo, pamoja na alama zake na wino wake mwekundu. Kijitabu nilikirudisha Bangboka, kiko kwenye kopo juu ya rafu. Pembeni mwa mfano wa saba, kwa penseli, nimeandika maneno ya mdogo wangu.